Bustani ya Mimea ya Entebbe: jinsi ya kuizunguka asubuhi moja bila kupitwa na miti yake

Wageni wengi huingia Bustani ya Mimea ya Entebbe, wakapiga picha mbili tatu za mbega, wakatandika kitenge kwenye nyasi, wakala, wakatoka. Si vibaya, nyasi zenyewe ni nzuri. Ila bustani hii haikuanzishwa kwa ajili ya mapumziko. Ilianzishwa mwaka 1898 kama shamba la majaribio, ambamo serikali ya kikoloni ilipanda mbegu na miche kutoka pande zote za dunia ili ione kipi kitashika udongo wa Uganda na kipi kitakufa. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mwerezi wa mlima Mulanje hadi sasa una jina lake katika vitabu vya mimea. Chai ilijaribiwa hapa mwaka 1900, na kakao mwaka 1901. Ukiingia ukijua hayo, kila mti unakuwa na la kusema.

Eneo lake ni takriban hekta 40, kama ekari 100, kwenye mteremko unaotoka mjini na kuishia Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Jina la mji lenyewe ni la Kiganda: entebe ni viti, na viti vinavyokumbukwa ni vya Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, aliyekuwa akiamua kesi za watu wake papa hapa karibu na ziwa. Baadaye Waingereza nao wakaja wakaketi: Entebbe ilikuwa makao makuu ya serikali yao hadi karibu na uhuru, na ndiyo maana bustani, Ikulu na uwanja wa gofu vimebanana sehemu moja.

Tenga saa tatu, au nne ukiwa na watoto. Saa moja haitoshi kitu.

Siku na saa ya kwenda

Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku tulivu. Jumamosi na Jumapili utakuta maharusi, wapiga picha wao, mahema ya sherehe na spika. Ndege hawasikiki, na tumbili wanakuwa wamechangamka mno kwa sababu kuna vyakula kila kona. Sikukuu ni vurugu zaidi. Tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, usiiguse kama unatoka Kampala: mahujaji wanaokwenda Namugongo hujaza barabara za jiji tangu alfajiri.

Fika lango linapofunguliwa tu. Mbega hupanda kwenye matawi ya juu asubuhi kuota jua baada ya baridi ya usiku, na hapo huonekana wazi. Jua likipanda hushuka kwenye majani mazito wakalala. Ndege nao hula zaidi asubuhi. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 alasiri bustani hunyamaza, na utakachoona ni miti tu. Kwa anayekuja kwa ajili ya miti hilo si tatizo, lakini kwa nini ukose vyote viwili?

Sasa mvua. Hapa ndipo watu wa Nairobi na Dodoma hukosea, kwa kudhani asubuhi ni kavu na mvua ni ya jioni. Entebbe mara nyingi ni kinyume chake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, kwa hiyo upepo huvuma kutoka pande zote za ufuko kwenda ziwani. Pepo hizo zikikutana juu ya maji yaliyobaki na joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka gizani. Karibu na alfajiri upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea ufuko wa magharibi na kaskazini-magharibi, na rasi ya Entebbe iko njiani. Kwa hiyo ukiamka ukaona weusi upande wa ziwa na umeme unamulika mbali, usifute safari. Kunywa chai, subiri. Mvua hizo za alfajiri huja kwa kishindo na mara nyingi huisha kabla ya saa 4. Nusu saa baada yake ndiyo wakati mzuri kuliko wote: kumbikumbi wakitoka, kila ndege yuko mezani.

Miezi ya mvua nyingi ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Januari, Februari, Juni na Julai njia huwa kavu zaidi, lakini mwavuli au koti la mvua usiache mwezi wowote.

Kufika

Kutoka katikati ya Kampala ni karibu kilomita 40. Kumbuka kwamba Uganda "teksi" ni kile unachokiita matatu au daladala, lile la watu 14. Gari la kukodi peke yako ndilo huitwa "special hire". Ukisema "nataka teksi" utapelekwa stendi, usishangae.

Kwenye stendi uliza gari linalofika Kitooro, mtaa ulio Entebbe mjini. Swali hilo linakuokoa, maana magari mengi yanayopita Barabara ya Entebbe huishia Zana, Kajjansi au Abayita Ababiri, na konda akiwa na nafasi moja tupu atakubali lolote ili gari lijae. Uliza nauli kabla ya kuketi, na usikilize abiria wa mbele analipa ngapi. Mwambie konda akushushe Victoria Mall. Likikaribia, sema "maaso awo", hapo mbele, kama Waganda wanavyosema, na gari litasimama. Kutoka hapo panda boda boda, dakika chache, au tembea ukiteremka kuelekea ziwani. Kwa mguu haifiki nusu saa.

Wakati wa safari ni suala la mwelekeo. Asubuhi foleni inaingia Kampala, wewe unatoka, kwa hiyo saa moja hivi inaweza kutosha. Alasiri mambo yanageuka: ukiondoka Entebbe baada ya saa 10 utakwama kuanzia Kajjansi hadi Kibuye, na saa mbili si ajabu. Panga kuondoka saa 8 au saa 9.

Mwenye gari lake anaweza kutumia barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutoza Januari 2022. Ingia Busega au Munyonyo, toka Mpala, kisha fuata barabara ya kawaida hadi mjini. Weka noti ndogo karibu. Boda haziruhusiwi humo, na teksi nyingi hubaki barabara ya zamani kwa sababu abiria wao wako pale.

Kuna wasafiri wa aina ya pekee: waliokwama uwanja wa ndege wakisubiri ndege nyingine. Kutoka uwanjani hadi bustanini ni mwendo mfupi kwa gari, hauzidi robo saa njia ikiwa wazi. Ukiwa na saa 6 au zaidi mkononi, na hati zako zinakuruhusu kuingia nchini, inawezekana: saa moja ya uhamiaji na mizigo, saa mbili bustanini, kisha rudi saa 2 na nusu kabla ya kuruka, kwa sababu ukaguzi wa magari kabla ya jengo la abiria hula muda. Ukiwa na saa 4 tu, bakia uwanjani.

Vya kubeba

Maji lita 1.5 kwa kila mtu mzima. Suruali ndefu na soksi ndefu. Viatu vya kufunga vyenye meno, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni na njia za msituni zina mizizi. Dawa ya kufukuza mbu. Darubini kama unayo, ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele ya milimita 42) ndiyo inayofaa: chini ya matawi kuna giza, na lenzi pana huingiza mwanga. Ile ndogo ya mfukoni ya 8x21 itakuonyesha kivuli tu. Kofia, kitambaa cha kufuta darubini, na begi lenye zipu linalofungwa hasa. Sababu ya zipu utaiona mbele.

Chakula kibebe ndani ya chombo kigumu chenye mfuniko, si kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kwanza ni uchafu, pili tumbili wamekwisha jifunza mlio wa kaveera.

Langoni

Kiingilio hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo njoo na kitambulisho chako halisi. Picha kwenye simu inaweza kukataliwa. Uliza wazi kama kuna bei ya watu wa Afrika Mashariki, usipouliza huenda ukawekwa kapu moja na watalii wa Ulaya. Gari na kamera kubwa vinaweza kuwa na ada yake. Ukija na mpiga picha wa harusi au kundi la sherehe, hilo ni jambo la kupanga kabla, si la kubishana getini huku bibi harusi ameketi juani. Beba noti za shilingi elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Noti ya elfu hamsini asubuhi na mapema ni ya kutafutiwa chenji robo saa nzima. Pokea risiti na uitunze hadi utakapotoka.

Kiswahili chako kitakusaidia zaidi kwa askari na walinzi kuliko kwa wauza duka. Mjini lugha ni Kiganda na Kiingereza. Maneno matatu yanatosha kulainisha mambo: "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, "webale" kwa asante. Salamu kwanza, swali baadaye. Anayeanza na swali huonekana hana adabu, kama kwetu tu.

Mwongozaji ni wa lazima? Kwa sheria, hapana. Kwa faida yako, ndiyo, angalau mara ya kwanza. Vibao vya miti vipo, lakini vingine vimefifia au vimemezwa na gome, na jina la Kilatini peke yake halikuambii kwamba utomvu wa mti huo uliwahi kuwa biashara kubwa. Shida ni kwamba wako wanaojua miti na wako wanaojua njia tu. Wapime kwa maswali mawili kabla ya kupatana bei:

Kwanza: "Mkakao uko upande gani, na sasa hivi una matunda?" Anayetembea bustanini kila siku atajibu papo hapo. Anayebahatisha atasema "tutaviona vyote".

Pili: "Nitofautishie mti wa mpira wa Brazil na ule wa misitu ya hapa." Anayejua atataja majani matatu-matatu ya ule wa Brazil.

Patana bei ya kundi zima, si ya kichwa, na mseme ni kwa saa ngapi. Lipa mwishoni.

Mpango wa kutembea

Anza na msitu, malizia na nyasi. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa nyasi ziko wazi na zinakaribisha. Wakifika msituni saa 6 mchana, wanyama wamelala na wao wamechoka.

Kutoka langoni shuka polepole ukifuata njia ya gari kuelekea ziwani, ukiangalia vilele vya miti mirefu, maana huko ndiko mbega watakuwa wanaota jua. Kisha ingia kipande cha msitu wa asili karibu na ufuko, ambako kamba za mitambaa zinaning'inia na mwanga ni wa kijani. Hapo tumia dakika 45 nzima, ukisimama kila hatua 30 na kunyamaza dakika 2. Ukitembea mfululizo utaona majani tu. Toka msituni upande wa ziwa, pumzika ufukoni nusu saa, halafu panda taratibu kupitia miti ya mazao hadi nyasi za juu. Kupanda ni kwa mwisho, kwa hiyo wazee wasimalize nguvu chini. Mwenye shida ya miguu anaweza kuzunguka sehemu kubwa kwa gari, na kusukuma kiti cha magurudumu kwenye njia ya gari kunawezekana kukiwa kukavu, lakini mteremko unahitaji msukumaji mwenye mikono yenye nguvu. Njia za msituni hazifai kiti hicho.

Miti ya kutafuta

Mkakao. Tazama shina, si ncha za matawi. Maua yake madogo, na baadaye maganda makubwa ya manjano au mekundu, huota moja kwa moja kwenye gome. Huchavushwa na usubi wadogo wanaoishi kwenye majani yaliyooza chini, ndiyo maana mkakao hupenda kivuli na takataka za majani, na shamba lililofagiwa safi huzaa vibaya. Kutoka majaribio ya 1901 zao hili lilizunguka hadi likapata makao Bundibugyo, chini ya Ruwenzori.

Mbuni, yaani mti wa kahawa. Aina ya robusta ni mwenyeji, ilikuwa ikiota yenyewe katika misitu ya Uganda kabla ya mkoloni yeyote. Waganda walitafuna punje zake, na watu wawili waliogawana punje moja iliyopakwa damu yao waliunga undugu usiovunjika, omukago. Arabika ndiyo mgeni. Linganisha majani: ya robusta ni makubwa na yana mawimbi yaliyokunjamana kuliko ya arabika. Usichume matunda.

Chai. Macho yamezoea chai kuwa kichaka cha kiunoni, kwa sababu mashambani hukatwa kila mara. Mti wa chai ukiachwa bila kupogolewa hurefuka mita kadhaa, na mgeni hupita chini yake akiitafuta chai. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ua lake, jeupe lenye kitovu cha manjano.

Mti wa mpira wa Brazil, Hevea. Tafuta makovu ya mshazari kwenye shina, ndiyo njia ya kugemea: mkato hufuata gome kwa mshazari ili ukate mirija mingi ya utomvu bila kugusa mti wa ndani. Mkato ukizama mno, mti huvimba kidonda na hapo hapagemeki tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waligema pia mpira wa kienyeji, Funtumia, hasa msitu wa Mabira, lakini hautoi utomvu wa kutosha kushindana na Hevea. Usijichanjie mti mwenyewe "kuona kama utatoka". Kila mgeni akijaribu mara moja, mti unakwisha.

Mutuba. Huu ni mtini wa jamii ya mkuyu, na gome lake la ndani ndilo hufanya lubugo, nguo ya magome ya Waganda ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Gome huvunwa msimu wa mvua, likiwa limejaa maji na linabanduka kwa urahisi. Shina huvishwa majani ya mgomba lisikauke, nalo huotesha gome jipya. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ya mifereji mipana kwanza na ya mifereji myembamba mwisho, mpaka linapanuka na kulainika.

Mvule. Mtu wa pwani ataujua kwa mlango kabla hajauona ukiwa hai: milango mingi ya Lamu na Unguja, na mbao za vyombo vya bahari, zilitoka kwenye jamaa zake. Una mti dume na mti jike, kwa hiyo mvule mmoja peke yake hauzai. Tena ni wa polepole, anayeupanda leo hatauona mlango wake.

Halafu ile mitini minyonga. Ndege hudondosha mbegu juu ya tawi la mti mwingine. Mche huteremsha mizizi hadi ardhini, mizizi inaungana na kuuzunguka mwenyeji, na kwa miaka mingi mwenyeji hufa ndani ya kizimba. Ukikuta shina lenye matundu kama wavu, ingiza kichwa uchungulie: nafasi tupu iliyo katikati ndipo mti wa kwanza ulipokuwa.

Mbega na tumbili si kitu kimoja

Mbega ni yule mweusi mwenye vazi jeupe mabegani na mkia wa kichaka cheupe. Hula majani, tumbo lake lina vyumba vinavyochachusha chakula kama la ng'ombe, na hana haja na mkate wako. Ukimpa, unaweza kumuua kwa gesi. Mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa, na ukiona kijipamba kifuani mwa mama, ndicho hicho. Hana dole gumba la maana, hushika tawi kwa vidole vinne kama ndoano. Kumwona ni suala la kutazama juu na kusubiri mkia utingishike.

Tumbili ni mdogo, wa kijivu, uso mweusi, naye ni mjanja. Anajua zipu nusu iliyofungwa, anajua chupa ya soda, anajua mtoto aliyeshika ndizi kuwa ni rahisi kuliko baba yake. Kanuni ni chache. Usile ukitembea. Usimkazie macho wala usimchekee ukionyesha meno, kwake hiyo ni vita. Akishika kitu chako, kiachie, ukivuta, atang'ata. Usimkimbie, simama, geuka upande, ondoka taratibu. Watoto wawe katikati ya watu wazima wakati wa kula, na maganda yarudi kwenye chombo.

Aking'ata au akikwaruza hadi damu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake kahawa wala mafuta ya taa. Usisubiri dalili, zikishaonekana dawa hakuna.

Tumbili wana faida moja: sikiliza vilio vyao. Wana mlio mmoja kwa tai, mwingine kwa nyoka. Wakisimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini huku wakipiga kelele, usipite hapo.

Ndege, kwa ufupi

Shorobo mkubwa wa bluu ndiye kila mtu anamtaka: urefu wa sentimita 70 na zaidi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, anakimbia juu ya tawi kama kuku. Sikiliza mguno mzito wenye mtetemo kwenye miti ya matunda. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona, mabawa yake yanavuma kama gari-moshi. Kasuku wa kijivu hupita juu asubuhi na jioni, wakipiga mbinja. Ufukoni kuna furukombe, mdiria na fundichuma. Kwenye michikichi tazama ndege mweupe na mweusi kama tai: ni tumbusi anayeacha mizoga na kula matunda ya mchikichi, jambo lisilo la kawaida kwa ukoo wake.

Ufukoni

Kaa, tazama, piga picha, lakini miguu isiguse maji. Ziwa Victoria lina kichocho, na kingo zenye majani na maji yaliyotulia ndizo makazi ya konokono wanaokibeba. Mabuu hutoboa ngozi hata isiyo na kidonda ndani ya dakika chache bila kuuma. Ukiteleza ukalowa, jikaushe mara moja kwa kusugua taulo kwa nguvu, kisha pima baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu ukipima kesho yake hakitaonekana. Dawa, prazikuanteli, ni rahisi na inafanya kazi.

Mara nyingine utaona moshi juu ya ziwa. Si moto, ni wadudu wa ziwa kwa mamilioni. Hawaumi, ila wakipulizwa kwako fumba mdomo, funika lenzi na uondoke upande wa upepo.

Vya kuogopa msituni

Siafu, kwanza kabisa, hasa baada ya mvua. Tazama chini kila unaposimama: mstari mweusi unaotembea, ruka, usisimame juu yake. Suruali ndani ya soksi hukupa dakika moja ya kujiokoa. Wakishapanda, kimbia mbali na mstari kwanza, ndipo uvue na kuwang'oa mmoja mmoja.

Radi ikilia, toka chini ya miti mirefu na ondoka ufukoni, nenda kwenye jengo au gari. Baada ya upepo mkali usiketi chini ya tawi kavu. Miti ya zaidi ya miaka 100 hudondosha matawi hata siku tulivu, sembuse baada ya dhoruba.

Picha

Mbega mweusi mbele ya anga jeupe hutoka kama doa. Kwenye simu, gusa sehemu nyeusi ya mwili wake kisha pandisha mwanga kidogo. Kwenye kamera ongeza fidia ya mwanga +1. Msituni pandisha ISO hadi 1600 au 3200, usitegemee taa ya kamera, haifiki huko juu na inamkera mnyama.

Droni iache nyumbani. Uwanja wa ndege wa kimataifa uko kilomita chache tu kutoka hapa, na kurusha bila kibali ni kosa ambalo hutaelewana na mtu juu yake. Njiani vilevile usipige picha Ikulu, askari, wala vizuizi vya ulinzi, hata kama mandhari nyuma yake ni ya ziwa.

Baada ya bustani

Ukitoka saa 6 au saa 7 una njaa, na ngege wa kukaanga, ambaye Mtanzania humwita sato, hupatikana mjini na kwenye fukwe za jirani. Chagua samaki mbichi kabla hajaingia mafutani: macho yawe angavu, mashavu ya ndani mekundu. Atachukua dakika 40 kuiva, kwa hiyo agiza kwanza, nawa mikono baadaye. Mwenye haraka ale rolex ya barabarani, chapati iliyoviringishiwa mayai, au gonja, ndizi ya kuchoma.

Mwenye watoto wenye nguvu bado anaweza kuunganisha na bustani ya wanyama iliyo jirani, ile iliyoanza mwaka 1952 kama kituo cha wanyama yatima, ambayo nayo hudai saa mbili au tatu. Wengine watembee hadi barabara kuu kusubiri teksi ya Kampala. Kaa upande wa kulia ukiweza, jua la alasiri litakuwa kushoto kwako njia nzima.